Nasimamia fildi Kanda ya Ziwa nzima, mshahara umesimama palepale

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 31, mama wa mtoto mmoja, naishi Buhongwa hapa Mwanza. Nafanya kazi kwenye kampuni ya utafiti wa masoko ambayo ofisi yake kuu iko Dar es Salaam. Niliingia kama mdodosaji wa kulipwa kwa siku. Nilibisha hodi Igoma, Mabatini na Kirumba, kishikwambi mkononi, nikiuliza watu wanafulia sabuni gani na akiba zao wanaweka wapi. Baadaye wakaniajiri, na sasa mimi ndiye msimamizi wa fildi wa Kanda ya Ziwa. Mradi ukija, natafuta wadodosaji, nawafundisha, nagawa maeneo, nakagua dodoso kila jioni na kutuma takwimu Dar. Nikienda Magu, maswali yasiyoeleweka nayageuza mwenyewe kwa Kisukuma kabla timu haijaanza.

Mshahara wangu ni 850,000 kabla ya makato, na bado nalipa mkopo wa masomo wa Bodi ya Mikopo. Mara ya mwisho kuongezwa ni miaka miwili iliyopita, 50,000. Majuzi nimejua, bila kuuliza, kwamba kijana aliyeajiriwa baada yangu kitengo cha takwimu Dar analipwa 1,400,000. Shangazi, nililia. Nilimwambia bosi kwamba kodi ya nyumba imepanda na ada ya mtoto inanisumbua. Akanijibu, "Bajeti imebana, vumilia kidogo."

Si kwamba nafanya kazi vibaya. Mwaka jana nilimkamata mdodosaji aliyejaza dodoso kumi na moja amekaa kwenye kibanda cha chipsi Nansio, Ukerewe. Alama za GPS zote zilikuwa mahali pamoja, na mahojiano ya dakika 35 aliyamaliza kwa dakika tisa. Nilimwondoa, kaya zile zikarudiwa, takwimu zikafika kwa wakati. Na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, nimepanga upya kazi za Sengerema ili timu irudi kulala Mwanza.

Baba Neema anasema niandike barua ya kuacha kazi, wataogopa. Rafiki yangu ameniita kwenye mradi wa miezi minne unaolipa 70,000 kwa kila siku ya fildi, siku hamsini hivi. Tathmini yetu ya mwaka ni Novemba na mishahara mipya huanza Januari. Nataka kuomba 1,100,000. Nijiandaeje? Tena vijana wangu wa kudodosa bado wanalipwa 30,000 kwa siku, bei ileile ya tangu nijiunge. Niwasemee kwenye kikao hichohicho?

Mama Neema (si jina langu halisi), Buhongwa

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako imenigusa, maana kazi ya fildi naijua, na najua inavyofichwa na ubora wake yenyewe. Takwimu zikifika Dar zikiwa safi, hakuna anayeuliza zilisafishwa na nani.

Tuanze na yule kijana wa Nansio, kwa sababu umempitia haraka mno. Mtu amekaa kibandani akabuni majibu ya kaya kumi na moja. Yangepita, mteja angeambiwa kwamba watu wa Ukerewe wanapenda bidhaa ambayo pengine hawajaiona dukani. Wateja wakubwa hawapokei takwimu kwa macho yaliyofumbwa. Wana watu wao wa kukagua, na wakigundua udanganyifu kwa mdodosaji mmoja, wanaitilia shaka kazi ya timu nzima. Hapo kampuni inarudia fildi kwa fedha yake: kivuko, malazi, posho, siku za wasimamizi. Na mteja mwenyewe mwakani huenda akapeleka kazi kwingine. Wewe uliyazuia yote hayo jioni moja, kisha ukanyamaza. Nadhani bosi wako hajui mpaka leo kwamba jambo hilo lilitokea. Yeye anamjua mtu anayetuma takwimu kwa wakati, na mtu huyo amempangia 850,000.

Kwa hiyo kabla ya kuomba chochote, kaa chini uandike kumbukumbu za kazi yako. Rudi kwenye barua pepe, kwenye ripoti za fildi na kwenye marejesho ya masurufu, upange mradi mmoja mmoja. Sampuli ilikuwa ya watu wangapi, siku zilizopangwa ngapi na zilizotumika ngapi, dodoso zilizokataliwa Dar ngapi, zilizokaguliwa kwa kurudi nyumba kwa nyumba ngapi. Masurufu yalitoka kiasi gani na yalirudi kiasi gani. Andika na matukio: Nansio, na mengine ambayo nina hakika yapo. Kama unawafundisha wadodosaji kuchagua mhojiwa kwa jedwali la Kish, lile linalomteua mmoja wa wanakaya bila upendeleo, badala ya kumhoji yule waliyemkuta barazani, liandike hilo pia, kwa sababu ndipo sampuli nyingi zinapoharibikia bila mtu kuona. Kugeuza maswali kwa Kisukuma nako ni kazi. Ofisi ingeweza kumlipa mtafsiri kwa hiyo, na sasa inaipata bure kutoka kwako.

Kisha zigeuze kumbukumbu hizo ziwe shilingi. Chukua hilo la Sengerema. Tuseme timu ni ya watu sita, malazi 30,000 kwa usiku, usiku tano. Ukiwarudisha Mwanza kwa kupitia darajani umeokoa 900,000 kwa mradi mmoja. Toa mafuta ya gari ya kwenda na kurudi, weka namba zako halisi, na usiongeze hata shilingi moja, maana mhasibu atazikagua. Upande wa pili weka gharama ya ombi lako: nyongeza ya 250,000 pamoja na mchango wa mwajiri kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wa asilimia 10, yaani 25,000, inakuwa 275,000 kwa mwezi na 3,300,000 kwa mwaka, kabla ya tozo nyingine za mwajiri. Bosi aliyezoea kukokotoa bei ya kila mahojiano anapompelekea mteja pendekezo la kazi ataielewa hesabu hii bila kufafanuliwa. Kodi ya nyumba na ada ya Neema ni mzigo wa kweli, na nakuonea uchungu, lakini havina mahali pa kuingia kwenye bei ya mradi. Ndiyo maana jibu lake lilikuwa la kuvumilia.

Sasa hesabu ya mfukoni mwako, maana watu wengi huomba nyongeza bila kujua itakayofika. Kwa mshahara wa 850,000, NSSF inachukua 85,000. Kodi ya PAYE, ile inayokatwa kwenye mshahara, inakokotolewa kwenye 765,000 iliyobaki: hakuna kodi kwenye 270,000 za kwanza, asilimia 8 mpaka 520,000, asilimia 20 mpaka 760,000, na asilimia 25 juu ya hapo mpaka milioni moja. Inakuja 69,250. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15, yaani 127,500. Unabaki na 568,250. Kwa 1,100,000, NSSF ni 110,000, kodi 125,500, Bodi 165,000, na mkononi 699,500. Nyongeza ya 250,000 imekuletea 131,250. Usivunjike moyo. Sehemu ya Bodi inapunguza deni lako, na ya NSSF inawekwa kwa jina lako pamoja na ya mwajiri. Ila kama ulikuwa umeshaipangia 250,000 nzima matumizi ya mwezi, panga upya kabla ya kikao, maana huenda kiwango unachokihitaji ni kikubwa kuliko ulichoandika.

Hapa kuna mtego, na naomba unisikilize vizuri. Kampuni za utafiti hupenda kumtuliza mtu wa fildi kwa posho. Utaambiwa, "Mshahara hatuwezi, lakini posho yako ya fildi tutaipandisha." Inavutia, kwa sababu inaingia mkononi mara moja. Lakini posho huja mradi ukija, na miezi isiyo na miradi unaijua. Benki ikikupima kwa mkopo inatazama mshahara ulio kwenye slipu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakokotoa malipo ya saa za ziada, mara moja na nusu, kwa mshahara wa msingi. Ukipunguzwa kazi, kiinua mgongo nacho ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimiza, mpaka miaka kumi. Posho haimo humo. Wakikupa posho, ipokee na ushukuru, kisha uendelee kuomba mshahara. Tena utafute mkataba wako uusome. Sheria hiyo inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na siku za fildi zinazoanza alfajiri na kuishia saa tatu usiku unakagua dodoso zinaivuka kwa haraka. Wanaowaongoza wafanyakazi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawamo kwenye kanuni hiyo ya saa, kwa hiyo angalia mkataba unakuweka wapi. Usiingie kikaoni na sheria mkononi kama fimbo. Ijue tu, ili wakisema jambo uelewe limesimama wapi.

Kuhusu kijana wa Dar, usimtaje. Mshahara wake si hoja yako, na ukimtaja kikao kitageuka kuwa cha nani alikuambia. Lakini tofauti hiyo ikufundishe jambo kuhusu fani yetu. Fedha hupanda kadiri mtu anavyosogea kwenye kubuni dodoso, kuchambua takwimu, kuandika ripoti na kukaa mbele ya mteja. Anayekusanya, hata akusanye vizuri namna gani, huwekwa chini. Mimi naona si haki, maana uchambuzi wa takwimu mbovu ni uongo uliopambwa, lakini ndivyo bei zilivyo. Kwa hiyo chukua hatua moja kwenda upande huo, moja tu, na ningechagua kuprogramu dodoso. ODK, KoboToolbox na SurveyCTO, programu za kukusanyia takwimu kwa kishikwambi, zote zinapokea dodoso iliyoandikwa kwenye Excel: karatasi moja ya maswali, nyingine ya majibu, na masharti ya swali gani lirukwe mtu akijibu nini. Wewe ndiye unayejua swali gani linamkwamisha mdodosaji pale mwaloni Kirumba, muuza dagaa ana haraka na jua linawaka. Anayeprogramu Dar hajui. Unaweza kujifunza KoboToolbox bila malipo. Tengeneza dodoso fupi ya kujaribia, iombe ofisi ikupe sehemu ndogo ya mradi ujao uiprogramu mwenyewe, na hilo nalo liingie kwenye kumbukumbu. Uchambuzi utafuata.

Usisubiri Novemba. Mara nyingi tathmini inapofika, bajeti imeshapita mikononi mwa watu na bosi anakuja kukusomea kilichoamuliwa. Omba kikao sasa, cha jambo hilo peke yake, kipindi ambacho bado wanapanga mwaka ujao. Kama kuna mradi mkubwa umeisha vizuri, omba wiki inayofuata. Kabla ya hapo, zungumza na watu wa fani. Matangazo mengi ya kazi hapa nchini hayataji mshahara, kwa hiyo ni lazima kuuliza, na swali zuri ni, "Nafasi ya msimamizi wa fildi wa kanda kwenu inalipwa kati ya ngapi na ngapi?" Mtu atajibu hilo kwa urahisi kuliko kuulizwa mshahara wake. Uliza kwenye kampuni za utafiti, kwenye miradi ya mashirika, na upande wa wateja wenyewe: viwanda, benki, kampuni za simu. Upande huo wa mwisho mara nyingi una mshahara ulio imara zaidi, na wanahitaji watu wanaojua takwimu inavyopatikana.

Ukiingia, sema maneno machache. Kitu kama: "Bosi, asante kwa muda wako. Kwa mwaka huu nimesimamia miradi hii, dodoso zilizokataliwa ni hizi, na gharama iliyookolewa ni hii. Karatasi ni hii hapa. Majukumu yangu yamezidi yale niliyoajiriwa nayo. Naomba mshahara wa msingi upande hadi 1,200,000 kuanzia Januari." Nimetaja 1,200,000 kwa makusudi, maana ukianza na 1,100,000 mtakutana chini yake. Ukishataja kiasi, nyamaza. Usijieleze tena, usipunguze kabla hujaombwa, usitabasamu kama mtu anayeomba radhi. Najua inavyokuwa ngumu kwetu, tuliolelewa kwamba kuomba fedha mbele ya mkubwa ni utovu wa adabu. Unaomba malipo ya kazi iliyokwisha kufanyika, na heshima yake iko palepale.

Akirudia kwamba bajeti imebana, muulize mambo mawili kwa upole: italegea lini, na nini kifanyike ili jina lako liwe la kwanza. Jioni hiyohiyo mwandikie barua pepe fupi ya kushukuru yenye majibu aliyokupa. Akikupa cheo kipya bila fedha, kipokee kwa sharti la tarehe ya kupitia mshahara, iliyoandikwa.

Sasa Baba Neema. Mwambie nampa pole kwa kukuona ukilia, ila barua ya kuacha kazi huandikwa na mtu anayeacha kazi kweli. Wakiipokea utafanyaje? Mradi wa rafiki yako unaleta 3,500,000 kwa miezi minne, na mshahara wako wa mkononi kwa miezi hiyo ni 2,273,000. Unaonekana mkubwa. Lakini muulize rafiki yako kama malipo yana NSSF na bima ya afya, nani anakulipa ukiumwa homa wiki mbili, na mwezi wa tano utakuwa wapi. Kama hana jibu la mwezi wa tano, usiende. Bei hiyo ya 70,000 ni taarifa nzuri kwako hata hivyo, kwa kuwa inakuonyesha soko linaupimaje ujuzi wako. Ukipita Machi bila nyongeza wala tarehe ya maandishi, anza kutuma maombi kwingine ukiwa bado kazini. Kwenye wasifu wako taja aina ya tafiti, ukubwa wa sampuli na wilaya ulizosimamia, lakini usitaje wateja wala kubeba takwimu za wahojiwa. Majina na namba za simu za watu walioketi nawe barazani zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na walikupa kwa kukuamini.

Na vijana wako: wasemee, tena kwa nguvu, lakini si kwenye kikao chako. Mambo hayo mawili yakiwekwa meza moja, ofisi itachagua lililo nafuu na kukuambia imekusikia. Posho yao hupangwa mradi unapokokotolewa bei, kwa hiyo siku Dar wakikuuliza gharama za fildi kwa ajili ya pendekezo jipya, usiandike 30,000 kwa mazoea. Andika kiwango unachoona kinamtosha mtu nauli ya kwenda Kisesa na kurudi, chakula cha mchana na kitu cha kupeleka nyumbani, na uambatanishe sababu: mdodosaji anayelipwa vizuri hashawishiki kujaza dodoso za kubuni, na anarudi mradi ujao akiwa ameshafundishwa. Ukishaandaa karatasi zote mbili, yako na yao, nitumie nizisome kabla hazijaenda Dar.